Dawa ya Siku Kumi na Nane

Batusangkar, 2 Novemba 1988

Upik mwanangu,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, na kibanda cha wali kizima, ila paa linavuja palepale. Barua yako ya kutoka huko kituo cha atomu nimeisoma mara nne: mara moja peke yangu, na mara tatu kwa sauti sokoni, maana wateja walikuwa wakiingia na kutoka na sikutaka mtu akose. Nilipofika pale unaposema "siku hizi kazi yangu yote ni waktu paruh", nikawageukia nikawaambia: Mnasikia? Mtoto wa Asnimar anapima midomo ya ndege kwa atomu! Kwani paruh ni nini kama si mdomo wa kuku?

Uni Rosmanidar, yule dada muuza samaki wakavu wa mkabala, alicheka mpaka akashikilia meza. "Asnimar, umemsomesha mtoto miaka yote hiyo akaangalie midomo ya kuku? Si angebaki hapahapa? Kuku wangu wanayo, tena bure." Nikamjibu, "Wako wana midomo, Uni, lakini hawana atomu." Akarudi kwa samaki wake. Ila niandikie vizuri habari ya hao ndege, nisije nikateleza siku nyingine mbele ya yule mwanamke.

Sasa neno zito. Etek wako Nursimah, mdogo wangu wa pekee, anaumwa. Lile rovu la shingoni unalijua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaliminya ukiuliza kama amemeza yai. Miaka yote lilikaa tu kama mgeni mpole. Mwaka huu limeamka. Moyo unamwenda mbio hata akiwa ameketi. Mikono inamtetemeka, chai inamwagikia sahanini. Anakula sahani mbili na bado anakonda, na toka jikoni hadi mlangoni anapumzika mara mbili.

Nimempeleka Padang. Daktari wake ni kijana mmoja mwenye miwani, Yuharlis, mpole lakini hafichi neno. Anasema vidonge vimeshindwa, na kisu hathubutu, maana moyo hautastahimili. Imebaki dawa moja ya kunywa mara moja tu, iodini ya atomu. Inatoka ng'ambo, na mara mbili walizoagiza ilifika nguvu zimekwisha. "Bila hiyo, mama," akaniambia, "kwa mwendo huu moyo wake haumalizi mwaka ujao."

Nikamuuliza, "Hiyo atomu ni ile ya Jakarta?" Akasema ndiyo, hata huko sasa wameanza kuitengeneza. Upik, nilisimama. Nikasema, "Daktari, anayeitengeneza ni mwanangu!" Nilisema kwa sauti yangu unayoijua, wodi mbili zilisikia. Niliporudi nikatangaza soko zima, na Etek wako nikamwapia mbele ya watu kwamba dawa yake itatoka mikononi mwako.

Kwa hiyo usinijibu mambo mengi. Niandikie ndiyo.

Amak wako,
Asnimar

Kituoni, nje ya Jakarta, 9 Novemba 1988

Amak mpenzi,

Ndiyo.

Nimeanza na hilo ili uweze kukimbilia sokoni. Ukirudi, keti usome na haya mengine.

Amak, hakuna ndege. Nilicheka mpaka wenzangu wakaja kuniangalia kama nimepatwa na kitu. Paruh hapa si mdomo wa kuku, ni ile iliyomo ndani ya separuh, yaani nusu. Waktu paruh ni muda wa kubaki nusu. Na kile kinachopungua tunakiita luruh, neno lilelile la matunda kuanguka. Ukumbuke shamba la duriani la bibi. Hakuna aliyeweza kusema ni tunda gani litaanguka leo, lakini bibi aliitazama miti, akasema: kufika Ijumaa ya pili nusu itakuwa chini. Na ikawa. Atomu za iodini hii ni hivyohivyo. Kiini cha kila moja hakijatulia, kimebeba kilichozidi, na siku moja, isiyojulikana na yeyote, kinakirusha nje kama mshale mdogo na kugeuka kitu kingine kilichotulia. Mishale hiyo ndiyo mionzi. Kwa iodini yetu, muda wa kubaki nusu ni siku nane. Tofauti na duriani ni moja tu: tunda likikaa mtini linaiva na kuchoka, atomu haizeeki. Iliyongoja mwezi mzima ni mbichi sawa na iliyozaliwa leo asubuhi.

Inazaliwaje? Tuna tanuri lisilo na moto wala moshi, ni bwawa refu la maji, na chini yake fito za urani. Chembe ndogo iitwayo nutroni inagonga kiini cha urani, kiini kinapasuka vipande viwili, kinatoa joto na nutroni nyingine mbili au tatu, nazo zinakwenda kugonga viini vingine. Ni umbea wa soko lako kabisa: mmoja anawaambia wawili, wawili wanawaambia wanne, kabla ya adhuhuri mji mzima unajua. Ndiyo maana tunashusha humo vyuma vinavyomeza nutroni, kama Mak Uo Saniar, yule mzee wa hapo sokoni, anavyosikia kila kitu na kutomwambia mtu. Tukivishusha vyote, umbea unakufa. Tukivipandisha kidogo, unaendelea kwa kiasi chake, hauongezeki, haupungui. Katikati ya nutroni hizo tunaweka metali iitwayo teluri. Inameza nutroni moja, inakosa raha, na baadaye inageuka kuwa iodini yetu.

Tezi la shingoni linapenda iodini kuliko kitu chochote. Ndiyo sababu wanagawa chumvi ya madini joto huko kwetu milimani. Haliwezi kutofautisha iodini tulivu na hii. Litaimeza, na mishale italipiga kwa ndani, hapohapo, bila kisu.

Jambo moja usilisome sokoni. Mpaka sasa mimi nilikuwa nabandika lebo tu na kuandika vipimo vya wengine. Sijawahi kusimamia chupa toka tanurini hadi mlangoni. Nimeomba hii iwe ya kwanza. Mkuu wangu aliuliza, "Kwa nini hii?" Nikamwambia ni ya mama yangu mdogo. Akasema, "Basi hesabu mara tatu."

Mwambie daktari aagize rasmi.

Upik wako,
Yusmaini

Batusangkar, 19 Novemba 1988

Upik,

Nimelisoma sokoni. Ningefanyaje? Lilikuwa katikati ya barua. Lakini nilipofika kwenye lebo nikakohoa, nikarukia "nimeomba hii iwe ya kwanza", wakadhani wewe ndiye wa kwanza Indonesia nzima. Sikuwasahihisha. Mak Uo Saniar amefurahi kusikia kuwa yeye ni chuma cha tanuri. Amekuwa akitabasamu siku tatu bila kusema kwa nini.

Rosmanidar akataka kujua, "Sasa mdomo wa kuku umeishia wapi?" Nikamwambia, "Umekuwa nusu, Uni, kama akili ya mtu fulani."

Etek wako anaogopa kidogo. Jana aliniuliza, "Uni, dada yangu, nikiinywa hiyo atomu si nitawaka?" Nikamjibu, "Ukiwaka tutaokoa umeme." Akacheka, halafu akalazimika kulala kidogo kwa sababu ya kucheka. Yamefika huko, mwanangu. Kicheko kinamlaza.

Hesabu yako nimeielewa mara moja. Mimi ni wa darasa la sita, lakini nusu na nusu nani asiyezijua? Siku nane inaondoka nusu ya kwanza, siku nane nyingine inaondoka nusu ya pili. Kumi na sita, kwisha. Nimechora kalenda kwa wino mwekundu, na kila anayekuja kula wali namwonyesha. Daktari ameagiza, na ametutaka tuwe Padang kuanzia tarehe tatu Desemba. Tutafikia kwa binamu Nurhasni.

Unakula vizuri? Nyama ya rendang niliyokutumia usiwape wenzako wote.

Amak

Kituoni, 1 Desemba 1988

Amak,

Imetoka leo saa mbili asubuhi. Chupa ndogo kama kidole gumba, ndani ya chungu cha risasi ambacho watu wawili wanakinyanyua, ndani ya sanduku lenye alama ya manjano. Nilihesabu mara tatu, halafu mara ya nne kwa ajili yako.

Rubani wa ndege aliiona ile alama ya manjano akakataa kuibeba. Hatukuweza kumshawishi. Inakuja kwa meli, siku tatu hadi Padang, Mungu akipenda. Lakini mimi ni mtoto wa huko, nazijua mvua za Desemba. Sikupakia dozi ya Etek. Nimepakia mara tano yake. Ikifika mapema daktari atapima na kumpa sehemu ndogo. Ikichelewa, inatosha hadi siku ya kumi na nane, yaani tarehe 19. Ikipita hapo, haifikii tena kiasi cha kumtibu, na tanuri linafungwa kwa matengenezo hadi Machi.

Jibu lako la barua yangu halijanifikia. Barua hii inapanda meli hiyohiyo na nimeiandikia nyumbani, sina anwani ya Padang ambako daktari anasema mtangoja.

Yusmaini

SIMU YA MAANDISHI. PADANG, 17 DESEMBA 1988

DAWA IMEFIKA LEO SIKU YA KUMI NA SITA IMEKUFA NJIANI. SI KOSA LAKO MWANANGU. TUKO KWA NURHASNI JALAN PONDOK TUNARUDI NYUMBANI KESHOKUTWA. AMAK

SIMU YA MAANDISHI. JAKARTA, 18 DESEMBA 1988

HAIJAFA. ROBO IKO HAI. NUSU YA KILICHOBAKI SI NUSU YA MWANZO. NILIPAKIA MARA TANO INATOSHA HADI KESHO TU. RUDISHA ETEK HOSPITALI. MWAMINI DAKTARI. AMAK TAFADHALI USIHESABU TENA. YUSMAINI

Padang, 21 Desemba 1988

Upik mwanangu, jicho langu, daktari wa madaktari,

Amekunywa! Nimeanza na hilo kama wewe ulivyoanza na ndiyo. Sasa keti nikusimulie mambo yote, hata yanayoniaibisha.

Meli iliharibika mashine, ikaingia bandari ya Bengkulu, ikakaa huko kana kwamba imeoa. Mimi nilikuwa Padang na kalenda yangu, nafuta siku mojamoja. Tarehe 17 sanduku likafika. Daktari Yuharlis alinyanyua kifuniko, akaweka kile chombo chake kinacholia tak-tak-tak, kikalia, akafurahi. "Inatosha, mama. Mwanao ni mjanja."

Mimi nikamtolea kalenda. "Daktari, leo siku ya ngapi?"

"Ya kumi na sita."

"Nusu na nusu ni ngapi?"

"Mama, sivyo inavyo..."

"Ni moja! Imekwisha! Mwanangu mwenyewe ameniandikia siku nane nusu. Unataka kumnywesha mdogo wangu maji, halafu akifa mseme dawa ya Yusmaini haikufaa?"

Alijaribu kunieleza. Wauguzi wawili nao wakajaribu. Nilikataa, Upik. Niliona wanataka kuficha aibu ya meli kwa jina lako. Nikamshika Etek mkono, tukatoka. Alikaa kwa Nurhasni akaanza kukunja nguo zake, taratibu, kama mtu anayeaga nguo. Mimi nikaenda posta kukuandikia kwamba si kosa lako, nikalia dirishani mbele ya karani.

Simu yako ilikuja kesho yake jioni. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nikiwa nimeketi. Pale pa "robo iko hai" nikaona. Niliona kabisa, kama mtu amefungua dirisha. Nusu ya kilichobaki! Siku nane za pili haziondoi nusu ya dawa yote, zinaondoa nusu ya ile iliyosalia. Shamba la bibi lilikuwa na duriani mia. Hamsini zikianguka, Ijumaa nyingine hazianguki hamsini, zinaanguka ishirini na tano. Nimekulia shambani mle! Na mimi ndiye niliyekuwa naokota!

Nikaingia chumbani. "Nursimah, vaa. Dawa iko hai."

Akaniangalia. "Uni, jana ulisema imekufa."

"Nilikosea."

"Wewe?" Akamwita Nurhasni aje asikie. "Uni amesema amekosea. Basi mimi nimeshakufa, hii ni akhera."

"Usinifanyie utani, kuna saa chache."

"Imekufa jana, leo imefufuka. Kesho itakuwa nini? Sitaki, Uni. Nimechoka kupandishwa na kushushwa. Niache nife na moyo wangu huuhuu."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mimi ndiye niliyemvunja moyo, na maneno yangu hayakuwa na thamani tena kwake. Mezani kulikuwa na lemang ya Nurhasni, ule wali wa kupikwa ndani ya mwanzi, bado ya moto. Nikachukua kisu. "Hii ni dawa ilivyotoka Jakarta." Nikaikata katikati, nusu nikaisukuma pembeni. "Siku nane. Nini kimebaki?" Nikaikata ile iliyobaki katikati. "Siku nane tena. Kimebaki nini?"

"Robo," akasema.

"Mimi nilikata hivi." Nikafagia lemang yote kwa mkono hadi pembeni mwa meza. "Huo ndio ujinga wangu. Na mwanao hakutuma lemang moja, alituma tano, kwa sababu anazijua mvua zetu. Robo tano ni zaidi ya lemang nzima. Wewe unahitaji moja tu."

Akaivuta ile robo karibu naye. "Na ukiendelea kukata?"

"Inabaki nusu ya robo. Halafu nusu ya hiyo. Haifiki pa kusema imekwisha, inapungua tu mpaka haikushibishi. Na kesho jioni ndipo inapokuwa haikushibishi."

Akaichukua robo akaila. Akachukua na nyingine. "Basi twende," akasema mdomo umejaa, "kabla haijapungua."

Usiku ulikuwa umeshaingia, tukangoja kuche, na asubuhi ya tarehe 19 mvua ilimwagwa kwa ndoo, barabara ya Pondok imejaa maji, hakuna gari linalopita. Tukapata bendi moja, kile kigari cha farasi, farasi mwenyewe amelowa mpaka masikio, mwendeshaji wake anasema hafiki hospitali kwa maji yale. Nikamwambia, "Kaka, huyu anakwenda kunywa atomu iliyotengenezwa na mwanangu, na kila saa unayobishana nami inaanguka." Sijui alielewa nini, lakini alimchapa farasi.

Daktari alikuwa mlangoni. Nilimwomba radhi mbele ya wauguzi wake wote, na wewe unajua nimeomba radhi mara ngapi maishani. Yeye akacheka tu, akapima. Tak-tak-tak. "Imezidi kinachotakiwa kidogo sana, mama. Kesho isingefika." Upik, hesabu yako! Meli imeharibika, mvua imenyesha, mama yako mzazi amepoteza siku mbili kwa kiburi, na bado hesabu yako ikatosha!

Etek alipewa kikombe kidogo na mrija. Akanyonya, akafikiri. "Haina ladha. Uni, kumbe ulisema kweli, ni maji?"

Wamemtenga chumba chake, kwa sababu sasa yeye ndiye anayerusha mishale. Mimi nasimama mwisho wa korido nyuma ya mstari, tunaongea kwa kupiga kelele. Wagonjwa wengine wamelalamika. Nimewaeleza sababu, na kwa kuwa walikuwa wanasikiliza nikawaeleza na nusu, na robo, na umbea wa nutroni. Mzee mmoja wa Pariaman mwenye rovu kama nazi alikuwa amekataa dawa. Ameniuliza maswali saa nzima, kisha akamwita muuguzi, akaandikisha jina.

Amak wako asiyehesabu tena

Kituoni, 2 Januari 1989

Amak,

Tarehe 19 sikula. Nilikaa karibu na simu ya ofisi siku nzima, na saa kumi jioni Daktari Yuharlis akapiga akasema neno moja, "Amekunywa." Mkuu wangu alikuwepo. Alichukua nakala ya lebo ya chupa yangu akaibandika ukutani juu ya meza yake.

Daktari ameleta barua pia. Anaagiza dozi nne tanuri litakapofunguliwa Machi, na anaandika kwamba hajawahi kupata wagonjwa wanaouliza maswali mazuri kama wale waliofundishwa koridoni na "mama wa lemang". Tumeisoma mbele ya wote. Waliponiuliza huyo ni nani, nikasimama. Nikasema kwa sauti yako.

Sasa tunangoja. Mishale imeshafanya kazi yake kwa kiasi kikubwa, lakini tezi linanyauka polepole. Miezi miwili, mitatu. Nisimulie kila kitu, hata kidogo.

Yusmaini

Batusangkar, 20 Machi 1989

Upik,

Uliomba nikusimulie kila kitu, nami nimenyamaza miezi miwili kwa sababu niliogopa kutangaza mapema. Unajua jinsi jambo hilo lilivyonigharimu.

Jana Etek wako alikuja kibandani kwa miguu, toka kwake, kile kilima chote. Akaingia jikoni kwangu bila hodi, akafunua sufuria, akaonja. "Uni, hii chumvi ni ya nani? Unataka kuua watu?" Nikamwambia hajui kitu, nimepika rendang tangu yeye hajaota meno. Akasema ndiyo maana, ulimi wangu umezeeka. Nikamwambia atoke. Akasema hatoki, jiko ni la mama yetu sote wawili. Akaleta habari ya kitambaa nilichokiazima mwaka wa harusi yake, akaleta habari ya bata, akaleta habari ya mchumba aliyekuwa akija kwangu na mimi nikamfukuza, bora ningemwachia yeye. Wateja wameacha kula. Alinisema toka mlango wa jiko hadi barazani, akarudi tena hadi jikoni, mkono kiunoni, kidole puani pangu, kidole kimetulia kama msumari, bila kupumzika hata mara moja, bila kushika ukuta, bila kukata pumzi.

Na mimi nilisimama pale na mwiko mkononi, machozi yananitiririka, nikimwambia: endelea, Nursimah, endelea, sijakusikia vizuri, rudia toka mwanzo.

Amak wako,
Asnimar